Wazima wa Benchi la Nje

Jozi ya kumi na nane ilikuwa safi. Nikaweka alama ya vema, nikanywa maji, nikaita ya kumi na tisa.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unachukua vinasaba vya watu wawili, unavilaza sambamba, kisha unaiuliza kompyuta: hawa wawili wanafanana kwa kiasi gani? Watu wasio na undugu hutoa namba iliyo karibu na sifuri. Binamu hutoa namba ndogo. Mama na mwanawe, au ndugu wa tumbo moja, hutoa nusu.

Jozi ya kumi na tisa ilikuwa ya mgonjwa namba themanini na nane na mtu mzima namba mia mbili na saba. Ninaposema mzima nina maana ya mtu asiye na saratani, aliyetoa damu yake ili tuilinganishe na ya wagonjwa. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika nusu.

Nikadhani nimeita faili lisilo lenyewe. Nikarudia, safari hii nikizisoma namba kwa sauti. Ikaandika nusu tena.

Kazi hii sikuianza kwa hiari yangu. Siku mbili kabla ilikuwa imeingia barua pepe ya mtafiti asiyetufahamu, wa nchi ya mbali. Aliandika kwa adabu, kama mtu anayekuvuta pembeni kukwambia kwamba umevaa shati ndani nje. Alisema amepakua data yetu, anatushukuru sana, na anaomba radhi kwa usumbufu. Je, inawezekana kwamba baadhi ya watu wenu wazima wana undugu na wagonjwa wenu?

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu. Data ile nilikuwa naijua kama ninavyoijua mifuko ya suruali yangu. Wagonjwa mia nne na kumi na wawili wa saratani ya matiti, na wazima mia tatu. Miaka sita iliyopita tuliiweka katika ile hifadhi kubwa ya mtandaoni ambamo watafiti wa dunia nzima huweka vinasaba vya wagonjwa wao, bila majina, ili yeyote mwenye akili na subira achukue na kutafuta. Kabla yetu, watu wa huku walikuwamo mle wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole. Siku ile Daktari, ambaye ndiye mkuu wa mradi, alininunulia soda, tukainywa tumesimama.

Mimi sikusomea kazi hii. Nilikuwa karani wa masjala, nabeba mafaili ya wagonjwa kutoka chumba hiki hadi kile. Kompyuta nilijifunza kwenye mashine mbovu iliyoachwa stoo, kwa kitabu kisicho na jalada, ukurasa baada ya ukurasa. Daktari ndiye aliyenitoa masjala, na ndiye aliyenibandika jina la Bwana Safu, kwa kuwa siwezi kuona safu iliyopinda nikaipita bila kuinyoosha. Jina lilinishika. Hata mlinzi wa getini huniita hivyo, naye hajui maana yake.

Hadi saa sita mchana nilikuwa na jozi thelathini na moja zilizoandika nusu. Jozi zilipokwisha, nikaenda kutafuta kitu kimoja.

Kuna jeni moja ambayo kazi yake ni kukarabati nyuzi za vinasaba zinapokatika. Katika jeni hiyo tuliwahi kuona badiliko dogo, herufi moja tu imekaa mahali pa nyingine. Lilikuwapo kwa wagonjwa tisa. Lakini lilikuwapo pia kwa wazima saba. Kitu kilichopo kwa mgonjwa na kwa mzima vilevile hukichukulii kuwa mkosaji. Unasema ni cha kuzaliwa tu, kama mwanya wa meno. Tukaandika mbele yake: halina madhara. Maneno hayo yakaenda kwenye hifadhi pamoja na data yote.

Nikawatafuta wale wazima saba katika orodha yangu ya nusu. Wote saba walikuwamo. Kila mmoja wao alikuwa ndugu wa mmoja wa wale wagonjwa tisa. Nikawaondoa. Wakabaki wagonjwa tisa upande huu, na upande wa wazima hakubaki hata mtu mmoja mwenye badiliko lile.

Nilikaa mikono ikiwa juu ya meza. Feni ilikuwa inageuza kurasa za kalenda ukutani, nami nikawa naziangalia tu, kana kwamba kuna kitu nilikuwa nakisubiri humo.

Kisha nikachukua ufunguo wa stoo.

Fomu za karatasi ziko kwenye maboksi sita, rafu ya chini, nyuma ya mashine ya zamani ya kunakili. Nilijua zilipo kwa sababu nilizipanga mwenyewe. Wazima wako boksi la tatu na la nne. Nikaketi juu ya kindoo kilichofunikwa, nikaanza kuzipekua, na katika kila fomu nikakutana na mwandiko wa Sista.

Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya saratani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, sasa amestaafu. Mwaka mzima sisi tulishindwa kupata damu ya watu wazima. Tulibandika matangazo, tukaenda mashuleni, tukaenda sokoni. Watu walitusikiliza vizuri, kisha wakaondoka. "Mnashangaa nini?" Sista alituambia. "Mtu haumwi kitu, aje hospitali kutobolewa kwa sababu gani? Nyie mngekwenda?"

Nje ya wodi kulikuwa na benchi refu la mbao. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake pale, na chupa ya chai, na mfuko wa nguo safi. Sista akasimama mlangoni siku moja, akatuonyesha kwa kidevu. "Si hawa hapa wazima? Wamekaa toka asubuhi, na kila mmoja anatamani kusaidia ila hajui afanye nini." Kwa wiki tano alimaliza kazi iliyotushinda mwaka mzima. Tulimpigia makofi. Hakuna aliyejiuliza mtu anayekaa benchi lile siku nzima ni nani kwa yule aliye kitandani. Yaani, hakuna isipokuwa Sista mwenyewe. Chini ya kila fomu alikuwa ameongeza mstari wake kwa kalamu: Amemsindikiza nani? Na mbele yake majibu, mamake, dada yake, jirani, mume, dada yake, dada yake.

Ule mstari niliuona. Niliuingiza kwenye kompyuta, ukawa safu ya kumi na nne, na ilikuwa safu iliyonikera. Mmoja kaandikiwa nusu sentensi, mwingine kaachwa wazi, mwingine kawekewa namba ya kitanda badala ya jina la undugu. Sheria ya hifadhi ilisema kwamba kabla ya data kuwa wazi, uondoe chochote kinachoweza kumfanya mtu atambue familia. Nikaifuta, nikaridhika. Kuifuta halikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba niliifuta siku ya kwanza, kabla hatujalinganisha lolote, wakati ilitakiwa itumike kwanza ndipo iondolewe. Wenzangu walipofungua jedwali kuanza kazi, wakakuta kuna wagonjwa na kuna wazima, basi. Wakasema, Bwana Safu, jedwali lako linapendeza.

Fomu namba mia mbili na saba ilikuwa katikati ya boksi la tatu. Kazi: fundi cherehani. Amemsindikiza: dada yake, kitanda 14.

Kitabu cha siri kinachoonyesha kila namba ni ya nani sikukihitaji. Fundi cherehani aliyekaa benchi lile alikuwa mmoja. Mapazia ya wodi ni yeye aliyeyashona, na makoti yetu meupe, pamoja na hili nililokuwa nimelivaa stoo.

Dada yake alifariki mwezi wa nne baada ya fomu ile. Fundi akawekwa kwenye orodha ya wanaopigwa picha ya matiti kila mwaka, kwa kuwa ni ndugu wa damu. Mashine ni moja na orodha ni ndefu, kwa hiyo anayeonekana hana haja huondolewa ili apishe mwingine. Miaka mitatu iliyopita familia za wale wagonjwa tisa zilipelekewa barua kwamba badiliko lililoonekana kwao halina madhara. Fundi akaondolewa. Akaja na barua yake mlangoni kwangu, si kwa Daktari. "Wewe huongei kama unafukuzwa," alisema. "Nisomee, kisha niambie kwa maneno ya nyumbani."

Nikamwambia kwa maneno ya nyumbani. Nikamwambia badiliko hilo tumelikuta kwa watu saba ambao hawaumwi chochote, kwa hiyo asijitese. Nikamwambia lala usingizi wako.

Mmoja wa wale saba alikuwa yeye mwenyewe.

*

"Umekula?" Daktari aliniuliza nilipoingia. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, lakini hunikagua kama mama.

"Bado."

"Basi kuna jambo. Wewe mlo wa mchana hukosi hata jengo likiwaka moto."

Nikamwekea karatasi mbele yake: zile jozi thelathini na moja, na chini yake wale tisa na saba, na kando ya namba mia mbili na saba nimeandika: Fundi. Alizisoma bila kugusa miwani yake, na yeye anaposoma kitu cha kawaida huigusagusa miwani muda wote. Alipomaliza akairudia kutoka juu.

"Nani mwingine ameona?"

"Aliyetuandikia ameona kivuli. Kitu chenyewe nimekiona mimi, na sasa wewe."

"Zile barua nilizisaini mimi, Bwana Safu. Jina langu ndilo liko chini."

"Namba zilikuwa zangu."

"Tusigombanie hilo, si kombe." Akavua miwani. "Kamati ya maadili inakaa tarehe ishirini na nane."

"Leo ni tarehe sita."

"Najua leo ni tarehe ngapi."

Koridoni mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu, likilia hatua kwa hatua mpaka likapotea.

"Sikiliza," akasema. "Kumrudisha mtu kwenye orodha ya picha si utafiti. Hiyo ni tiba, haingoji kamati. Wale saba wapigiwe simu kuanzia leo, wote. Nitasaini kitabu kifunguliwe upate namba zao. Na data tuiondoe kwenye hifadhi leo hii."

"Tusiiondoe."

Akaniangalia. Si kawaida yangu kumkatalia.

"Imepakuliwa mara mia sita na arobaini," nikasema. "Tukiiondoa kimya kimya, walio nayo watabaki nayo hivyo hivyo, na hawatajua. Tuiache, ila juu yake tuandike kosa lenyewe, kwa maneno ya wazi, na orodha ya wa kuwaondoa. Kisha hifadhi iwatumie taarifa wote walioichukua."

"Mara mia sita na arobaini." Akairudisha miwani usoni. "Kwa hiyo kuna mahali huko, kuna daktari kama mimi, ana mama mmoja mbele yake mwenye herufi hiyo hiyo, anafungua data yetu, anamwambia..."

Hakumaliza. Akavuta karatasi, akaandika kibali cha kitabu kwa mwandiko wake mbaya, akanipa.

"Fundi niachie mimi?" akauliza.

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwambia alale."

*

Duka la Fundi ni chumba kimoja, mlango unaangalia barabara, mashine iko karibu na mlango ili mwanga uingie. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mwalimu mmoja mnene, akimwekea pini pindo la sketi. Aliponiona akatoa pini mdomoni.

"Shemeji! Koti limepasuka tena? Nilikwambia unanenepa ukabisha, sasa vishikizo vimekuumbua."

Shemeji ni jina alilonipa marehemu dada yake. Pale kitanda cha kumi na nne alikuwa akiwatangazia wauguzi kwamba akipona ataolewa na karani wa mafaili, apate habari za watu wote. Mimi nina mke wangu, naye alijua, lakini jina lilibaki, na Fundi akalirithi.

Mwalimu akaenda nyuma ya pazia, akavua sketi, akaaga. Fundi akaketi kwenye mashine, akaanza kuingiza uzi.

"Kaa. Si hapo, hapo pana pini. Haya, nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Mbona umevaa uso wa kamati ya mazishi?"

"Dada, ile barua ya damu, ile niliyokusomea. Tulikosea."

Mguu wake ukabaki juu ya pedali. "Mlichanganya damu?"

"Hapana. Damu ni yako, na badiliko ni lile lile la marehemu. Tulichokosea ni maana yake. Tulisema halina madhara kwa kuwa tulilikuta kwa wazima saba. Sasa nimeangalia upya. Wale saba wote ni ndugu wa wagonjwa. Wote walitoka benchi la nje."

"Na mimi nilikaa benchi la nje."

"Wewe ni mmoja wao."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Yaani mlinitumia mimi kunithibitishia mimi."

"Ndiyo."

"Na kompyuta zote zile."

Nikaokota pini sakafuni, nikaiweka mezani.

"Lakini mlijua," akasema. "Sista aliniuliza, umemleta nani? Nikamwambia dada yangu, kitanda cha kumi na nne. Akaandika, namwona kwa macho yangu. Kwa hiyo mlijua."

"Aliandika. Mimi ndiye niliyefuta."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maelezo njiani, ya sheria ya hifadhi, ya siri za familia. Yote yalikuwa kweli. "Ilikuwa inachafua jedwali," nikasema.

Akaangalia chini. Akachukua kitambaa cha sare ya shule kilichokuwa mapajani, akatafuta mshono, akaanza kuufumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Mshono haukuwa na kasoro niliyoiona mimi.

"Na watoto wa marehemu?" akauliza bila kuinua kichwa. "Wako kwangu wote wawili. Mkubwa ana miaka ishirini."

"Nao wapimwe damu. Si lazima wawe nalo. Ni kama kurusha sarafu, kila mtoto peke yake."

"Sarafu." Akaendelea kufumua. "Nikuulize kitu, shemeji, na usinijibu kwa huo upole wako. Ile saratani ya ziwa, mwanzoni inauma?"

"Mara nyingi haiumi."

"Haiumi."

"Mara nyingi."

Akaweka wembe kando. Akaelekeza kidole upande wa kushoto, chini ya kwapa, bila kugusa. "Nina kitu hapa. Kama kunde. Tangu mwezi wa pili. Nikasema ni kuegemea mashine, maana upande huu ndio ninaoegemea. Haikuniuma hata siku moja, nikasema basi, si kitu." Akaurudisha mkono mapajani. "Na barua ninayo. Siku ile nilipoigusa mara ya kwanza niliitoa sandukuni, nikaisoma mpaka mwisho, nikairudisha. Nikalala usingizi wangu, kama ulivyosema."

Tulikuwa mwezi wa nane.

Barabarani watu walipita wakizungumza mambo yao. Nilitaka kusema samahani, na nikasema, lakini ilitoka kwa sauti ndogo mno. Sidhani kama aliisikia, au aliisikia akaiacha ilipo.

"Njoo kesho asubuhi," nikasema. "Daktari atakungoja mwenyewe."

"Kesho nina sare arobaini."

"Dada."

"Nimesema nina sare, sijasema siji. Mbona mna haraka ya kusikia vibaya?" Akakanyaga pedali, mashine ikaanza kulia. Alikuwa anaushona upya ule mshono.

*

Alikuja saa mbili kamili, amevaa gauni la kutokea, na begi lenye kazi ya mkono ili asipoteze asubuhi. Nilikaa naye nje mpaka akaitwa. Benchi lile limepakwa rangi upya, ila ni lile lile. Alikuwa akiweka vifungo kwenye shati moja baada ya jingine, naye hakuniambia neno ila mara moja: "Usitikise miguu, unanikosesha tundu la sindano."

Daktari alimpima kwa mikono, akampiga picha, kisha akamtoa chembe kwa sindano. Yote yalichukua muda usiozidi saa moja na nusu. Majibu ya maabara ni siku kumi. Daktari akaniita ndani, ila hakusema ni nini. Alisema tu ingekuwa vizuri kama yeye angekiona kitu hicho mwezi wa pili, na akasema akiwa ameangalia karatasi, na wote watatu tulijua maneno hayo yalikuwa yanaelekezwa kwa nani, naye Daktari akijihesabu humo.

Mwishoni muuguzi alimletea fomu, maana ndio utaratibu: kama itakuwa saratani, unakubali sehemu ya uvimbe itumike kwenye utafiti, vinasaba vyake viwekwe katika hifadhi iliyo wazi, bila jina? Fundi alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Watu wengi hawageuzi.

"Hii ndiyo ile ile ya siku ile?"

"Ndiyo," nikasema. "Imeongezwa ukurasa."

"Safari hii mtaniandika kundi gani?"

Muuguzi alinitazama, asielewe.

"Majibu yakiwa mabaya, la wagonjwa," nikasema. "Kwenye lile la wazima nimekwisha kukutoa jana."

"Umenitoa." Alilitamka neno hilo polepole, kama analionja. Kisha akaikunja fomu mara mbili, akaiweka ndani ya begi juu ya mashati. "Leo sisaini. Sisemi sitaki. Dada yangu alisaini, hata mkono ulikuwa unatetemeka, akasema angalau watoto wa watu wengine wafaidi. Nami nataka. Ila leo nikikutazama nasikia hasira, na sitaki kuisaini hasira yangu mkaiweka mtandaoni. Pita dukani kesho."

"Nitapita."

"Uje na kalamu nzuri. Hizi zenu zinakwaruza."

Nikamsindikiza hadi getini. Mlinzi akaniita Bwana Safu, akacheka na Fundi kuhusu suruali aliyoahidiwa tangu mwezi uliopita. Fundi akamwambia suruali iko tayari, kinachokosekana ni kiuno. Walicheka wote wawili. Mimi nilisimama kando na begi lake, na alipotaka kuvuka barabara nikampa.

Niliporudi mezani nikaanza kuiandika taarifa ya kosa. Niliandika kwa lugha yetu kwanza, ndipo niigeuze, kwani ninapoanza na lugha ya wenzetu hujikuta najificha humo. Niliandika: Watu thelathini na mmoja waliotajwa kuwa wazima wasio na undugu ni ndugu wa karibu wa wagonjwa. Niliandika: Taarifa za undugu zilikuwapo na ziliondolewa kabla ya uchambuzi. Mwanzoni niliandika huenda ziliondolewa, nikalifuta lile huenda. Niliandika namba ya badiliko lile, na kwamba yeyote aliyeambiwa halina madhara kwa kutegemea data hii aitwe upya, asingoje.

Katikati nikasimama kupiga simu. Wale saba nilikuwa nimewaandika kwenye karatasi moja, kwa mstari. Wa kwanza alikuwa Fundi. Wa pili alipokea haraka, sauti ya mwanamke mwenye haraka zake, akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, akasema atakuja Ijumaa. Kwa wa tatu alipokea mwanamume.

Nikamwomba kuzungumza na mkewe.

"Wewe ni nani?"

Nikamwambia natoka hospitali, kuna jambo la damu aliyoitoa zamani.

"Alifariki mwaka jana," akasema. "Mwezi wa kumi."

Nikampa pole. Nilijua ninalotakiwa kuuliza baada ya hapo. "Alikuwa anaumwa nini, kaka?"

"Ziwa. Lakini nyie mna kumbukumbu, si ndiyo? Nyie wenyewe mlituandikia kwamba hana tatizo. Kwa hiyo tulichelewa kidogo kuja." Hakusema kwa kulaumu. Aliongea kama mtu anayenisaidia kulipata faili. "Kwani mlikuwa mnamtaka kwa jambo gani?"

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama binti zake waje, nikasema waje, akauliza siku gani, nikamwambia siku yoyote. Akasema ahsante. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Wa nne hakupokea. Nikajaribu tena baada ya robo saa, kisha tena. Koridoni walishaanza kufunga milango, na mfagiaji alikuwa amesimama kwangu na ndoo yake akingoja niinue miguu. Nikaandika mbele ya jina la nne: kesho, saa mbili. Mbele ya la tano, la sita na la saba nikaandika hivyo hivyo.

Taarifa ilikuwa bado imefunguliwa kwenye kioo. Nilikuwa nimefika aya inayotakiwa kusema kosa hili limewadhuru watu wangapi. Nikaandika sentensi, nikaacha nafasi tupu mahali pa idadi, nikaihifadhi ilivyo. Kisha nikavuta droo kutafuta kalamu ya kumpelekea Fundi. Zote zilizokuwamo zilikuwa zetu, zile zinazokwaruza. Itabidi kesho nipite kwanza kwenye duka la vitabu kununua.